Onyo na hitilafu: kile kisanduku kinakuambia nini?

Kwenye steshenari yetu hapa Moshi mjini, karibu na stendi, alikuja binti wa chuo na flashi yenye ripoti yake ya fildi. Alipoichomeka nyumbani, kilitokea kisanduku kikisema diski ifomatiwe kwanza ndipo itumike. Kikafuata kingine: data zote zitafutika. Akabofya, akabofya tena. "Kaka, si yenyewe ndiyo imesema nifomati?"

Kweli ilisema. Ila vile visanduku viwili si ndugu. Cha kwanza kilikuwa hitilafu, cha pili kilikuwa onyo.

Hitilafu ni taarifa kwamba ulichotaka kimeshindikana. Programu haigusi diski yenyewe. Ukifungua faili, inauomba mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiendesha kompyuta, kama Windows au Linux. Mfumo unakagua: faili lipo? Una ruhusa nalo? Ikishindikana unarudisha namba tu. Kwenye Windows, 2 ni faili halikuonekana, 5 ni umenyimwa ruhusa. Kwenye Linux, 2 ni hivyo hivyo, ila ruhusa ni 13. Kuigeuza namba iwe maneno mara nyingi ni kazi ya programu, ndiyo maana kosa moja husomeka vizuri kwenye programu hii, na kwenye nyingine likawa fumbo. Na mara nyingi hitilafu ya namna hii ni kinga: mfumo umekataa, faili lako halijaguswa.

Onyo ni tofauti. Jambo linawezekana, bado halijafanyika, na mfumo unangoja neno lako. Mfumo mzuri huuliza pale ambapo hakuna kurudi nyuma. Tangu Windows 8, ukifuta faili la diski ya ndani kwa kawaida huulizwi, kwa sababu linakwenda kwenye pipa la taka na unaweza kulitoa. Ukifuta la kwenye flashi unaulizwa, maana huko kwa kawaida halipiti kwenye pipa. Amri ya rm kwenye Linux inakuamini zaidi: hufuta kimyakimya, bila pipa.

Kuuliza mno nako kuna hasara. Windows Vista ya 2007 ilikuwa ikitia skrini giza na kuomba idhini kwa mambo mengi mno, watu wakazoea kukubali bila kusoma. Windows 7, mwaka 2009, ikapunguza maswali hayo. Mimi naona huo ulikuwa uamuzi sahihi kabisa: onyo linalokuja kila dakika mkono hulijibu kabla ya macho.

Turudi kwa flashi. Kisanduku cha kwanza kilikuwa na maana ya "nimeshindwa kuisoma", lakini kiliandikwa kama agizo. Hilo ni kosa la aliyekiandika, si la binti. Angeghairi hapo, tungejaribu kuisoma kwenye kompyuta nyingine kwanza.

Bahati ilikuwa fomati ya haraka, ambayo hutengeneza upya orodha ya mafaili na kuacha yaliyomo hadi mengine yaandikwe juu yake. Nikamwambia, "Mdogo wangu, usiweke hata wimbo mmoja humu." Programu ya kurejesha mafaili ilizunguka karibu saa nzima. Ripoti ikarudi bila jina lake, imebaki namba tupu, na picha mbili za shamba la kahawa hazikufunguka.