Maudhui ya kujitungia katika michezo ya uhusika ya mezani

Katika michezo ya uhusika ya mezani, ambamo kila mchezaji huigiza mhusika wake, msimulizi huongoza kisa na dadu huamua matokeo, maudhui ya kujitungia, au homubru kama wachezaji wanavyoyaita, ni kitu chochote cha kanuni au cha simulizi kilichotungwa na wachezaji wenyewe badala ya kampuni iliyotoa kitabu. Dubwana jipya, uchawi mpya, upanga wenye nguvu za ajabu, fani isiyokuwemo kitabuni, kisa kizima cha kuchezwa kwa miezi: vyote vinaingia humo. Kanuni ya nyumbani nayo ni homubru, ila yenyewe mara nyingi haileti kitu kipya; inabadilisha tu jinsi kilichopo kinavyofanya kazi.

Jambo hili lina umri sawa na michezo hii yenyewe. Dungeons & Dragons ya Gary Gygax na Dave Arneson ilitoka mwaka 1974 ikiwa vijitabu vitatu vyenye mapengo mengi, na kila meza, yaani kila kundi la wachezaji, iliyaziba kwa namna yake. Wakati mwingine zamu hugeuka, kitabu kikaifuata meza. Kwa kanuni za mchezo huo za 2014, kunywa dawa ya uponyaji kulimaliza tendo zima la mchezaji, apate pointi chache tu za uhai (dadu 2 za pande nne, ongeza 2). Meza nyingi ziliona hilo ni ghali mno, zikaamua dawa inywewe kwa tendo la ziada, lile dogo linaloliacha tendo kuu huru. Toleo la 2024 limeandika hivyo hivyo.

Kutunga ni rahisi. Kazi ni kutunga kitu kinachokaa vizuri na namba nyingine zote, na hapo ndipo nyingi huharibikia. Chukua kanuni ya mkosi, inayopendwa sana: ukitupa dadu ya pande 20 ukapata 1, silaha inakuponyoka au unamjeruhi mwenzako. Kitabu chenyewe kinasema tu kwamba shambulio limekosa. Anayeshambulia mara moja kwa zamu ana asilimia 5 ya kupatwa na mkosi. Mpiganaji wa ngazi ya 11 hushambulia mara tatu, kwa hiyo uwezekano wa kupata 1 angalau mara moja katika zamu unafika kama asilimia 14. Ngazi ya 20, kwa mashambulio manne, unazidi 18. Yaani kadiri anavyobobea ndivyo anavyozidi kuangusha upanga. Wakati huohuo mchawi ambaye uchawi wake huwalazimisha maadui ndio watupe dadu haguswi kabisa. Ukitaka kuibakiza, ihesabu kwa shambulio la kwanza la kila zamu tu. Bora zaidi ni kuiacha.

Madubwana yana mtego wa aina nyingine. Jedwali la Dungeon Master's Guide ya 2014, kitabu cha msimulizi, hupima ulinzi na mashambulizi kando kando, kisha huchukua wastani kuwa kipimo cha ugumu. Tunga dubwana lenye pointi 80 za uhai na kinga 13 (namba ambayo shambulio lazima liifikie ili limpate): ulinzi wake ni wa kipimo cha 1. Lipe pigo moja kwa zamu lenye madhara 36 kwa wastani, na nyongeza ya +6 ya kulenga, inayojumlishwa kwenye dadu ya shambulio: mashambulizi yake ni ya kipimo cha 5. Wastani ni 3, na kwenye karatasi linaonekana linafaa kundi la wahusika wanne wa ngazi ya 3. Mezani hali ni nyingine. Mchawi wa ngazi hiyo mwenye nyongeza ya +2 ya ustahimilivu ana pointi 20 za uhai. Pigo la 36 linamlaza. Likifika 40, madhara yaliyobaki baada ya uhai kuisha yanalingana na uhai wake wote, na kwa kanuni amekufa papo hapo, hata nafasi ya kutupa dadu za kuokoa roho hana. Wastani uliificha hatari yote upande mmoja. Teremsha madhara yawe kati ya 21 na 26 na nyongeza ya kulenga iwe +4, ongeza uhai uwe kati ya 101 na 115, kipimo kitabaki 3 na pambano litachezeka. Au gawa madhara katika mapigo mawili matatu yanayowalenga wahusika tofauti.

Kwa uchawi, linganisha na jedwali, usilinganishe na uchawi maarufu. Jedwali la uchawi la kitabu hichohicho linaupa uchawi wa ngazi ya 3 unaopiga walengwa wengi dadu 6 za pande sita, wastani 21. Mpira wa moto uliomo kitabuni una dadu 8, wastani 28: umezidi kiwango. Anayeutumia kama rula anatunga uchawi uliokuwa na nguvu kupita kiasi tangu mwanzo, halafu anashangaa kwa nini hakuna anayechagua mwingine.

Kabla ya kukiingiza chochote mezani, msimulizi amwambie mchezaji waziwazi kwamba kitu hicho kiko majaribioni na kinaweza kurekebishwa katikati ya safari. Kisha ajaribu mapambano ya bandia: moja la adui mmoja mkubwa, moja la wadogo wengi, na moja wahusika wakiwa wamechoka. Kitu kinachong'aa katika pambano la kwanza pekee huwa hakina tatizo. Kinachokuwa chaguo bora katika yote matatu kinahitaji kupunguzwa.

Kucheza na rafiki zako hakuhitaji ruhusa ya mtu. Kuchapisha na kuuza ni habari nyingine. Mwaka 2000 Wizards of the Coast, kampuni yenye Dungeons & Dragons, ilitoa leseni iliyowaruhusu wengine kutumia kanuni za msingi, na mchezo wa Pathfinder wa kampuni ya Paizo, uliotoka 2009, ulijengwa juu yake. Januari 2023 ilivuja rasimu ya leseni mpya yenye masharti makali, watunzi wakaikataa kwa nguvu, na tarehe 27 mwezi huohuo kampuni ikaziweka kanuni za msingi za toleo la tano (lile la 2014) chini ya Creative Commons, leseni huria inayoruhusu yeyote kuzitumia. Sharti kuu ni kutaja chanzo kwa maneno yaliyoelekezwa. Ruhusa hiyo haigusi kilicho nje ya waraka wa kanuni hizo: ulimwengu wa Forgotten Realms, kwa mfano, hutumika kwenye soko la DMs Guild lililofunguliwa 2016, ambako mtunzi hubaki na nusu ya bei na kazi yake haiuzwi kwingine.

Picha ndizo huwaponza wengi. Leseni ya kanuni haikupi haki ya mchoro ulioukuta mtandaoni. Tafuta ruhusa ya mchoraji kwa maandishi, au chapisha bila picha. Na kwenye ukurasa wa kwanza andika toleo la mchezo ulilotungia, 2014 au 2024, pamoja na namba ya rasimu, ili anayecheza na nakala ya zamani ajue kwamba upanga wake umeshapunguzwa makali.