Plasebo si kafara

Juzi nimeulizwa tena, safari hii na mjomba aliyemleta mpwa wake kliniki hapa Kisumu kutoka Ahero: "Daktari, si kweli hao wanaojaribu dawa za misuli huwapa watoto wengine dawa tupu ili waone watadhoofika vipi?" Nikashusha pumzi. Ni swali lilelile la kila mwezi.

Mzee wangu, mtoto wa Duchenne, ugonjwa wa jeni unaodhoofisha misuli kidogokidogo, haachwi bila tiba eti kwa sababu yuko upande wa plasebo, yaani hiyo dawa tupu isiyo na tiba ndani yake. Katika majaribio mengi, watoto wa pande zote mbili huendelea na steroidi zao za kawaida, dawa za kupunguza kasi ya misuli kudhoofika. Kinachotofautiana ni nyongeza tu, na siku jaribio linapoanza hakuna ajuaye kama nyongeza hiyo inafaa au inadhuru. Mara nyingi pia, jaribio likiisha, wa plasebo nao hupewa nafasi ya kupata dawa yenyewe.

"Lakini kuna mtoto alipewa dawa akaanza kukimbia!" Ana miaka mingapi? Mitano. Basi. Kabla ya miaka saba hivi, hata mwenye Duchenne bado anakua, na umbali anaotembea kwa dakika sita unaweza kuongezeka bila dawa yoyote. Mnyweshe uji wa wimbi kipindi hicho, utaapa uji ndio uliomponya. Drisapersen, dawa ya sindano iliyojaribiwa kwa Duchenne, ilitupumbaza hivyohivyo. Majaribio madogo yalitia moyo, kisha mwaka 2013 yakaja matokeo ya jaribio kubwa la wavulana 186: katika matembezi ya dakika sita, waliochomwa dawa hawakuwapita wa plasebo kwa tofauti ya kuaminika. Madhara lakini waliyapata, ngozi kuharibika palipochomwa sindano na protini kutoka kwenye mkojo. Bila plasebo, tungekuwa tunawachoma watoto kila wiki bure, tena tukijisifu.

Mengine niyamalize haraka.

Eti dawa ikipatikana ni ya wote? Jeni ya distrofini, protini inayolinda misuli, ndiyo yenye hitilafu katika Duchenne; ina vipande 79 viitwavyo eksoni, na kila familia ina kasoro yake. Dawa ya eteplirsen, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016, inawalenga wagonjwa kama 13 tu katika kila 100. Kwa hiyo kabla ya kuitisha harambee ya kumpeleka mtoto ng'ambo, tafuteni kwanza majibu ya kipimo cha jeni. Nimechoka kuona pesa za ng'ombe zikiishia kwenye tiketi ya ndege.

Eti ni damu ya kwao mama? Karibu theluthi moja ya watoto hawa, kasoro imeanza kwao wenyewe, mama hanayo. Hata akiwa nayo, hakuichagua. Acheni kumfukuza.

Eti steroidi zinamvimbisha uso, bora kuziacha? Uso unajaa, sibishi. Ila mtoto aliyezimeza kwa miezi, tezi zake za juu ya figo zimelala, na kuziacha ghafla kunaweza kumuua. Tupigie simu kwanza, hata kama ni Jumapili.