Picha ya jengo si mali ya mwenye jengo
Piga picha Mapembe ya Ndovu, yale matao makubwa pale Moi Avenue mjini Mombasa, iuze kwenye kadi, na hakosi mtu wa kukwambia umeiba hakimiliki. Si kweli. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inaruhusu kunakili na kusambaza kazi ya sanaa iliyo mahali inapoonekana na umma, na majengo yanahesabiwa humo. Fort Jesus ndiyo kabisa: Wareno waliianza 1593, hakimiliki gani tena? (Askari wa langoni akikuzuia, hizo ni kanuni za eneo, kesi nyingine.) Watu husahau kwamba picha yenyewe ina mwenyewe. Ukiichota intaneti picha aliyoipiga mwenzako, ukaibandika kwenye tangazo la hoteli yako bila idhini yake, hapo ndipo unavunja sheria.