Masaa kumi Dar kati ya ndege mbili

Tiketi ikikuandikia masaa kumi ya kusubiri Dar es Salaam, usiyahesabu yote. Ng'oa moja la uhamiaji na kutoka nje. Ng'oa matatu ya mwisho, maana kaunta za ndege za kimataifa kwa kawaida hufungwa saa moja kabla ya kuruka, na foleni ya ukaguzi haimjui mtu. Yamebaki sita, na barabara bado haijachukua chake. Kiwanja cha Julius Nyerere kiko kilomita kama 12 kutoka katikati ya mji: dakika 35 mchana uliotulia, au saa moja na nusu watu wanapoingia kazini asubuhi na wanapotoka jioni. Kwa hesabu yangu, mwenye masaa matatu na nusu ya kutembea kweli amebahatika. Aliye na pungufu ya masaa sita kwenye tiketi abaki uwanjani alale.

Kabla ya hesabu hiyo, tazama tagi ya begi lako, ile karatasi ndefu inayofungwa mshikioni. Herufi tatu kubwa ndizo zinazoamua. Zikiwa DAR, begi linaishia hapa: lazima ulichukue, upite forodha, ukalikabidhi upya. Hilo huwakuta zaidi waliokata tiketi mbili tofauti, na wanaotoka nje ya nchi kisha kuunganisha kwenda Mwanza au Kilimanjaro. Ndege za kimataifa hutumia Jengo la Tatu, lililofunguliwa 2019. Nyingi za ndani ziko Jengo la Pili. Vindege vidogo vya Zanzibar na mbugani huondokea Jengo la Kwanza, ambalo huendi kwa miguu na begi. Uliza jengo kabla hujapanda teksi.

Wenye pasipoti za Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi hawana shida ya viza. Wengine wanaoihitaji waombe mtandaoni mapema, kwa sababu foleni ya kulipia pale pale inaweza kula saa nzima. Anayetoka Kenya, Uganda au Congo awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano mkononi, si ndani ya begi lililokwisha kabidhiwa. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, basi ile uliyopewa dukani ulikotoka iache kwenye ndege.

Sasa njia. Wengi huenda mjini kwa Barabara ya Nyerere na kurudi kwa hiyo hiyo, jioni, pamoja na mji mzima unaorudi Ukonga na Gongo la Mboto. Mimi nashauri uzunguke. Ingia kwa Nyerere hadi Kivukoni, vuka na pantoni kwenda Kigamboni, kisha rudi kwa Daraja la Nyerere linalotokea Kurasini, ushike Barabara ya Mandela hadi makutano ya TAZARA na kukata kushoto kuelekea uwanjani. Hukanyagi tena katikati ya mji. Ubaya wake ni malori ya bandarini pale Mandela, lakini lori linasogea. Foleni ya Posta, katikati ya mji, jioni inaweza kusimama kabisa. Abiria wa miguu hulipa shilingi chache tu kwenye pantoni, na maji yenyewe ni dakika chache. Kinachochukua muda ni kusubiri geti lifunguliwe. Usivuke ukiwa ndani ya gari, kwani mstari wa magari ni mrefu mno. Vuka kwa miguu, uchukue bajaji ng'ambo, halafu teksi ya kurudi kwa daraja. Magari hulipia darajani, basi kubalianeni mapema nani anatoa.

Soko la samaki la Feri liko hatua chache kutoka kwenye pantoni. Mnada huchangamka asubuhi, na ukifika mchana utakuta mabaki, ingawa wakaangaji wapo bado. Vaa viatu vya kufunika, sakafu ni maji na magamba. Funua shavu la samaki: likiwa jekundu la damu, chukua, likiwa la kahawia, pita. Changu au kibua mmoja anatosha mtu. Nunua, mpe mtu akuparulie na kumtumbua, kisha mpeleke samaki kwenye karai akaangwe mbele yako. Bei ya samaki, ya kuparua na ya kukaanga ni tatu tofauti, na anayesahau kuuliza zote tatu ndiye huyo anayelalamika baadaye. Kamera iache mfukoni: Ikulu iko jirani, na kivuko na bandari si vya kupigapiga picha.

Upande wa Kigamboni ufuo wa karibu ni Mikadi, mwendo mfupi wa bajaji. Hapo bahari ndiyo yenye ratiba. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au ukiwa mpevu, maji hujaa karibu na saa kumi alasiri na kupwa karibu na saa nne asubuhi. Kila siku inayofuata husogea mbele kama dakika 50, hivi kwamba baada ya wiki, maji mafu yakiingia, mambo yamegeuka. Ukifika asubuhi ya bamvua ukitarajia kuogelea, utakuta mchanga na mwani na maji yako mbali kule. Tazama mwezi usiku wa kuamkia safari. Ni kipimo cha kukisia, lakini kinatosha kukuambia ubebe nguo za kuogelea au uziache.

Mwenye muda mfupi zaidi aachane na Kigamboni. Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, yana habari za Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu aliyepatikana Olduvai 1959, na kanisa la Azania Front liko pembeni ya maji. Masaa mawili yanatosha.

Unapopanga na dereva wa kukurudisha, taja saa kwa Kiswahili na sehemu ya siku. Ndege ya 21:40 ni saa tatu na dakika arobaini usiku. Ukimwambia "saa tisa" kwa kusoma tiketi, atakuja alasiri au alfajiri, na kosa si lake.

Zawadi: korosho hazina matata. Mafuta ya nazi, asali na achari huhesabiwa kama vimiminika, hivyo zaidi ya mililita 100 hazipiti na begi la mkononi. Makombe na matumbawe yaache ufuoni, kuyatoa nchini bila kibali ni kosa. Dafu linywe kabla ya mashine ya ukaguzi.