Je, kila mwanamichezo wa chuo Marekani husoma bure?

Familia nyingi zenye vijana wanaokimbia huamini kwamba mtoto akichukuliwa na timu ya chuo Marekani, habari ya ada imekwisha, na siku hizi hulipwa juu yake. Imani hii haikutoka hewani. Wapo Wakenya waliosomeshwa hivyo tangu miaka ya 1970.

Ila ufadhili kamili si wa wote. Vyuo vya daraja la tatu katika mashindano ya vyuo (la kwanza ndilo la juu) havitoi ufadhili wa michezo hata senti. Katika riadha ya daraja la kwanza, kwa miaka mingi timu ya wanaume iliruhusiwa nafasi 12.6 tu za ufadhili, wagawane wakimbiaji, warukaji na warushaji. Ndiyo, nukta sita: huyu nusu, yule robo, mwingine vitabu tu.

Malipo nayo yapo. Tangu Julai 2021 wanamichezo wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matangazo, na tangu Julai 2025 chuo chenyewe kinaweza kuwagawia mapato, ingawa pesa nyingi huishia kwenye futiboli ya Kimarekani na mpira wa kikapu. Mgeni ana kikwazo cha ziada: viza ya mwanafunzi hubana kazi za kulipwa.

Ukitaka kuhakikisha, shika barua ya ufadhili. Angalia kiasi kwa dola, ni wa mwaka mmoja au minne, na kama bima na chakula vimo. Kisha fungua tovuti ya chuo, tafuta gharama za mwaka mzima, utoe kiasi cha ufadhili cha mwaka huo. Kinachobaki ni cha mzazi. Ahadi ya kocha kwa simu usiihesabu mpaka iandikwe humo.