Theluji ndo iliniponza, sio baridi

Watu wakisikia nilifanya kazi Svalbard, visiwa vya Norwei huko juu karibu na Ncha ya Kaskazini, swali la kwanza ni baridi, la pili dubu. Dubu sikumwona hata mmoja, japo bunduki tulibeba maana ukitoka nje ya Longyearbyen, mji mkuu wa huko, lazima uwe na kitu cha kumfukuzia. Baridi nayo ukishavaa sufu unaizoea, ilimradi usitoe jasho. Mimi iliniponza theluji, na aibu yenyewe ni kwamba barafu ya bahari ndo kazi yangu.

Ilikuwa mwezi wa nne, tuko Van Mijenfjorden, ghuba ya bahari iliyoganda, toboa barafu kwa keekee, shusha tepu kupima unene, andika, sogea, toboa tena, siku nzima hivyo. Tukafika pahala peupe pe, theluji magotini, nikajisemea hapa barafu itakuwa nene balaa, nikakanyaga na mguu ukazama kwenye uji. Uji kweli, theluji na maji ya chumvi, buti likajaa.

Iko hivi: maji ya bahari yanaganda kwenye nyuzi kama -1.8, na barafu inanenepa kwa chini, kadiri joto la bahari linavyopenya kwenda hewani. Sasa theluji ni blanketi, imejaa hewa, joto linakwama, barafu inakua kwa kusuasua. Halafu ni mzigo. Barafu inayoelea inabakiza juu ya maji kama sehemu moja tu ya kumi, ukiitwisha theluji nyingi inadidimia, bahari inapanda kwenye nyufa na kutuama juu yake, na wewe huoni kitu maana theluji ile ile imeshafunika. Palipofagiwa na upepo, panapotisha kwa macho, mara nyingi ndo pana barafu ya maana (bado utoboe lakini, usije ukasema nilikwambia mimi).

Mzee tuliyekuwa naye, Mnorwei, hakusema neno. Alinikalisha kwenye sleji (kigari cha kuburuta kwenye theluji), akanivua buti, akauingiza mguu wangu ndani ya koti lake mpaka tumboni, mimi na digrii zangu zote. Soksi ilishakauka kama ng'onda, ukiisimamisha inasimama.

Kidole gumba cha mguu, kilichokuwa kimekufa ganzi, kilirudi usiku, na kinavyouma kikirudi acha tu. Kesho yake tulirudi kupima palepale: barafu ilikuwa karibu nusu ya ile ya pembeni, hatua kama hamsini tu, palipokuwa pamefagiwa na upepo, bila theluji.