Ufafanuzi: Cheti cha droni cha Marekani si ruhusa ya maisha
Katika makundi ya WhatsApp ya wapiga picha wa Mtwara na Lindi huzunguka ujumbe kwamba cheti cha Marekani cha kurusha droni kibiashara, ukishakipata, unarusha maisha yako yote, hata kwenye harusi za Mikindani. Si kweli.

Kadi yenyewe haina tarehe ya mwisho, na hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Kinachoisha ni mafunzo: hurudiwa kila miezi 24, na tangu 2021 hufanyika mtandaoni bila malipo. Tazama hati yako ya mafunzo ya mwisho. Ya Machi 10, 2025 inakufikisha Machi 31, 2027.

Na Tanzania ina vibali vyake, lazima uviombe. Tafadhali, ndugu, usiusambaze ujumbe huo. Unaweza kumponza kijana anayeanza kazi.